Vidakuzi vya ufuatiliaji visivyotaka kutoka kwenye kompyuta ya nyumbani: namna ya kuviondoa visirudi

Unafuta vidakuzi (cookies) vyote usiku, asubuhi unafungua ukurasa wa habari na tangazo lile lile la mkopo wa haraka limekaa pembeni kana kwamba hukugusa kitu. Hapo wengi huamua kwamba kompyuta ina kirusi. Inabebwa hadi Kariakoo, fundi anapiga Windows upya, pesa inalipwa, na kabla ya mwisho wa mwezi mambo yamerudi palepale. Mara nyingi hapakuwa na kirusi. Kilichotokea ni kwamba vidakuzi vilifutwa lakini hakuna aliyeshughulika na kinachovirudisha, na hiyo ni kazi ya kudeki sakafu huku bomba linamwaga.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na yale yanayovirudisha. Kufuta kunakuja katikati, na ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Nimeuandika kwa ajili ya kompyuta ya Windows ya nyumbani, ile inayotumiwa na kila mtu: baba anaangalia bei za magari ya Japani, mtoto wa kidato cha nne anapakua mitihani ya zamani ya NECTA, na mjomba aliyekuja Jumamosi anahangaika kutafuta mechi ya Simba na Yanga. Wote wanaingia kwa jina moja la Windows na kivinjari kimoja, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, Edge au Firefox, kwa hiyo kila anachotafuta mmoja kinawafuata wote.

Kijue kwanza unachotaka kukifuta

Kidakuzi ni maandishi mafupi ambayo tovuti inakiomba kivinjari kiyatunze, kisha kivinjari kinayarudisha kwa tovuti hiyo kila ukiifungua. Aliyevibuni ni Lou Montulli wa kampuni ya Netscape mwaka 1994, na lengo la mwanzo lilikuwa duka la mtandaoni likumbuke bidhaa ulizochagua. Kidakuzi hakijiendeshi, hakiambukizi na hakivunji faili. Programu ya kuzuia virusi ikikuonyesha orodha ndefu ya vidakuzi vya ufuatiliaji kwa maandishi mekundu, usishtuke na usinunue toleo la kulipia kwa sababu hiyo.

Viko vya aina mbili, na tofauti yake ndiyo inayowachanganya watu. Kuna vidakuzi vya mwenyeji, vinavyowekwa kwa jina la tovuti uliyoifungua. Kuna vya wageni, vinavyowekwa na kampuni nyingine ambayo kipande chake kimepachikwa ndani ya ukurasa huo, aghalabu kampuni ya matangazo.

Tazama kwa macho yako. Fungua Chrome, ingia tovuti yoyote ya habari unayoisoma kila siku, kisha bonyeza Ctrl, Shift na I kwa pamoja. Dirisha la mafundi litafunguka pembeni. Usiogope, kutazama hakuharibu kitu. Juu yake chagua "Application". Kama halionekani, limefichwa nyuma ya alama ya mishale miwili. Upande wa kushoto fungua "Cookies" na bofya jina la tovuti. Utaona jedwali.

Humo tafuta mstari unaoitwa _ga. Huo umewekwa na Google Analytics, huduma ya kuhesabu wasomaji inayotumiwa na tovuti nyingi sana. Thamani yake ina sura kama hii: GA1.1.1234567890.1700000000. Namba ya tatu imechaguliwa kwa bahati nasibu ili kukitambua kivinjari chako. Namba ya mwisho ni saa: sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970. Hiyo 1700000000 niliyoweka kwa mfano ni usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba 2023, saa saba na dakika kumi na tatu kwa saa za Dar es Salaam. Maana yake tovuti ile inajua kivinjari chako kilifika kwake kwa mara ya kwanza lini, hadi sekunde. Jina lako halimo, lakini halihitajiki ili ijue kwamba aliyekuja leo ni yule yule wa mwaka jana.

Sasa angalia safu ya "Domain" kwenye mstari huo huo. Imeandikwa jina la tovuti yenyewe. Kwa hiyo _ga ni kidakuzi cha mwenyeji, na ukizuia vidakuzi vya wageni, hiki hakiguswi kabisa. Ndivyo ilivyo pia kwa _fbp, kinachowekwa na kipande cha Facebook na kudumu siku 90. Watu wengi hufunga vya wageni, wakaviona hivi viwili vinaendelea kuwepo, wakadhani mpangilio haufanyi kazi. Unafanya kazi, ila haukutengenezwa kwa ajili ya hivyo.

Kidakuzi cha mgeni kinachojulikana zaidi kinaitwa IDE, cha doubleclick.net, mtandao wa matangazo ulio chini ya Google. Kikiachwa huru, namba yake ni moja kwenye tovuti ya habari, ya mapishi na ya nyumba za kupanga, na ndiyo maana ukitafuta friji mahali pamoja unaonyeshwa friji kila mahali.

Kabla ya kufuta chochote

Kufuta vidakuzi kutakutoa kwenye akaunti zako karibu zote. Hili ndilo linalowaumiza watu, kwa hiyo nalisisitiza kuliko lolote lingine humu.

Kaa chini na uorodheshe akaunti za kila mtu wa nyumbani zilizo wazi kwenye kompyuta hiyo: barua pepe, Ajira Portal, akaunti ya mkopo wa HESLB, ya kazini, ya shule ya mtoto. Kwa kila moja jiulize mambo mawili. Neno la siri unalikumbuka? Na laini ya simu iliyosajiliwa humo bado iko hewani? Tunabadilisha laini sana. Mtu alifungua barua pepe miaka sita iliyopita kwa laini ambayo leo imefungwa au ina mmiliki mwingine, na kilichomweka ndani ya akaunti siku zote hizo ni kidakuzi tu. Ukikifuta, Google itataka kutuma namba ya uthibitisho kwenye laini isiyokuwepo, na kuirudisha akaunti hiyo ni mtihani mgumu.

Kama laini ni ya zamani, ingia sasa hivi, wakati bado uko ndani, ubadilishe namba kwenye mipangilio ya akaunti na uongeze barua pepe ya akiba. Maneno ya siri yaliyohifadhiwa na Chrome utayaona ukiandika chrome://password-manager kwenye sehemu ya anwani. Yale muhimu yaandike kwenye daftari lisilotoka nyumbani. Usiendelee na hatua inayofuata mpaka hili liishe, hata kama litakula jioni nzima.

Ziba njia zinazovirudisha

Nitakupa anwani za kuandika juu ya kivinjari pale unapoandika jina la tovuti, kwa kuwa menyu hubadilika mpangilio kila baada ya matoleo machache na anwani hizi hudumu zaidi. Anza na Chrome, maana ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi.

Andika chrome://settings/onStartup. Ukikuta imechaguliwa "Continue where you left off", badilisha uweke "Open the New Tab page". Mpangilio ule wa kwanza unafungua upya kurasa zote za jana kila ukiwasha Chrome, na pia unavihifadhi vidakuzi vilivyotakiwa kufa dirisha linapofungwa. Unafuta, unafunga, unafungua, na tovuti zote zimeshapakiwa na kuweka vidakuzi vipya kabla hujagusa kitu. Kwenye nyumba nyingi sababu ni hii peke yake.

Andika chrome://settings/system na uzime "Continue running background apps when Google Chrome is closed". Kwenye Edge nenda edge://settings/system, zima mpangilio unaofanana na huo pamoja na "Startup boost". Bila hivyo kivinjari kinabaki kinafanya kazi chinichini hata ukidhani umekifunga.

Andika chrome://settings/cookies uchague kuzuia vidakuzi vya wageni. Kwa Kiingereza chao vimeandikwa "third-party cookies". Hili lazima ulifanye mwenyewe. Google ilitangaza Januari 2020 kwamba ingeviondoa kabisa ndani ya miaka miwili, ikasogeza tarehe mara kadhaa, na Julai 2024 ikaachana na mpango huo. Safari ya Apple inavizuia vyote tangu Machi 2020. Firefox tangu Juni 2022 inavifungia kila kimoja ndani ya tovuti kilikowekwa, bila mtumiaji kuombwa lolote, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu tosha ya familia kuhamia Firefox. Edge nayo ina kinga yake ya ufuatiliaji, lakini inakuja ikiwa kwenye "Balanced". Ipandishe hadi "Strict" kupitia edge://settings/privacy.

Sasa arifa, na hapa tukae kidogo.

Siku ya mechi kubwa mtu anatafuta pa kuangalia bure. Anafungua tovuti yenye picha ya kiwanja na alama ya kucheza video, na juu kushoto kinatokea kidirisha kidogo chenye vitufe viwili, "Allow" na "Block". Ukurasa wenyewe umeandika kwa herufi kubwa kwamba bonyeza "Allow" ili mechi ianze. Anabonyeza. Mechi haianzi, lakini tovuti imeshapewa ruhusa ya kutuma arifa kwenye kompyuta. Kuanzia hapo, pembeni chini ya skrini karibu na saa, yanaruka matangazo ya kubeti, ya dawa za nguvu za kiume, na maonyo ya uongo kwamba kompyuta ina virusi vingi. Mtoto anafanya hesabu zake hapo hapo yanamrukia. Familia inaita hivi vyote vidakuzi, wanavifuta, na ruhusa inabaki pale pale kwa sababu haihifadhiwi pamoja na vidakuzi. Mjomba akirudi kwenye tovuti ile, inaanza upya bila hata kuuliza.

Andika chrome://settings/content/notifications. Shuka hadi orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Soma majina moja moja, na usipolitambua jina, bofya nukta tatu pembeni yake uliondoe. Binafsi ningeondoa yote isipokuwa barua pepe. Kisha hapo juu chagua tovuti zisiweze kabisa kuomba ruhusa hiyo, na mjomba hataulizwa tena. Edge anwani yake ni edge://settings/content/notifications. Kwenye Firefox ingia about:preferences#privacy, tafuta "Notifications", kisha "Settings".

Baada ya hapo viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa ndani ya kivinjari (extensions). Andika chrome://extensions uone vilivyomo. Kile cha kubadilisha faili kuwa PDF alichokiweka mtu mara moja, cha kupakua video, cha kutafuta kuponi za punguzo, kinachobadilisha ukurasa wa kutafutia: ondoa. Kiendelezi kilichopewa ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote kinaona kila unachofanya humo, hakina hata haja ya kidakuzi. Kama hakuna anayekumbuka nani alikiweka na kwa kazi gani, hakina sababu ya kubaki.

Mahali pake weka kizuizi cha matangazo na ufuatiliaji kimoja tu kizuri. Kwenye Firefox ni uBlock Origin ya Raymond Hill. Kwenye Chrome toleo kamili halikubaliwi tena, kwa hiyo weka uBlock Origin Lite, ya mwandishi huyo huyo. Soma jina herufi kwa herufi kabla ya kupakia, kwa kuwa waigaji wamekuwepo miaka yote. Kizuizi hiki ndicho kinachoshughulika na vile vya mwenyeji kama _ga na _fbp: kinazuia kile kipande cha Google Analytics au Facebook kisipakiwe, na kisipopakiwa hakuna anayeandika kidakuzi. Faida nyingine utaiona kwenye bando, maana matangazo yasiyopakiwa hayali data.

Sasa futa

1. Funga kurasa zote, bakiza kichupo (tab) kimoja kitupu. Ukurasa uliobaki wazi unaweza kuandika kidakuzi kipya sekunde ile ile unayofuta.

2. Bonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja. Njia hii inafanya kazi Chrome, Edge na Firefox.

3. Kwenye muda chagua "All time", au "Everything" kwa Firefox. Ukiacha saa moja iliyopita, umefuta vya saa moja tu.

4. Weka tiki kwenye "Cookies and other site data". Maneno hayo ya mwisho ni muhimu. Tovuti ina sehemu nyingine za kuhifadhi kitambulisho chako nje ya kidakuzi chenyewe, na mwaka 2010 Samy Kamkar alionyesha hadharani, kwa mfano alioupa jina evercookie, jinsi kidakuzi kilichofutwa kinavyofufuliwa kutoka sehemu hizo. Tiki hiyo inafagia karibu zote kwa pamoja. Ile iliyokuwa sugu kuliko nyingine, hifadhi ya Flash, ilikufa na Flash yenyewe mwisho wa 2020.

5. Usiweke tiki kwenye maneno ya siri. Picha na faili za akiba, zile za "Cached images and files", ziache kwa mara ya kwanza kama unatumia bando la kupima, la sivyo kila tovuti itajipakua upya yote. Ukifika hatua za mwisho na bado kuna kitu kinarudi, zifute mara moja.

6. Bofya kitufe cha kufuta, subiri, kisha funga kivinjari chote.

Kuna jambo kuhusu Chrome linalowachanganya wengi. Ukifuta vidakuzi huku umeingia kwenye akaunti ya Google ndani ya kivinjari, Chrome inakuacha ndani ya akaunti hiyo. Kwa hiyo vidakuzi vya Google vinaonekana tena papo hapo. Ukitaka viondoke navyo, jitoe kwanza kwenye akaunti kwa kubofya picha yako juu kulia, halafu ufute.

Rudia kazi yote kwenye Edge hata kama unaamini hakuna anayeitumia. Windows yenyewe hufungua viungo vyake humo, na vidakuzi vimejaa. Rudia kwenye kila mtumiaji wa Chrome, yaani kila picha ya duara inayotokea juu kulia, na kwenye kila jina la Windows kama mna zaidi ya moja. Kila mmoja ana stoo yake, na kufuta kwa mmoja hakumgusi mwingine.

Hakikisha

Zima kompyuta, iwashe. Fungua Chrome na kabla ya kutembelea tovuti yoyote andika chrome://settings/content/all. Orodha inatakiwa iwe tupu au karibu tupu. Ukikuta Google peke yake, ni sawa. Sasa fungua ile tovuti ya habari uliyoanza nayo, kaa humo dakika moja, rudi kwenye orodha, na kwenye kisanduku cha kutafutia andika doubleclick. Kisionekane. Fungua tena dirisha la mafundi utazame: _ga haimo. Umemaliza, na yafuatayo ni kwa wale ambao bado wanaona vitu vinarudi.

Vikiendelea kurudi

Angalia orodha za ruhusa maalumu. Andika chrome://settings/content/siteData, kisha urudi chrome://settings/cookies ushuke chini kabisa. Tovuti zilizoandikwa kwamba zinaruhusiwa hazifuati sheria uliyoweka. Usizozijua ziondoe.

Fungua menyu ya nukta tatu utazame chini kama imeandikwa "Managed by your organization". Kwenye kompyuta ya nyumbani maneno hayo yanahitaji maelezo. Kompyuta mpakato nyingi tunazonunua zikiwa zimetumika zilikuwa za makampuni huko nje, na wakati mwingine amri za kampuni zimebaki humo. Programu za matangazo nazo hutumia mbinu hiyo hiyo kulazimisha kiendelezi kisichokubali kuondolewa. Lakini hata programu halali ya kuzuia virusi inaweza kuyaleta, kwa hiyo usikimbilie kuogopa. Andika chrome://policy usome kilichomo: ukiona kuna kiendelezi kinacholazimishwa au ukurasa wa kutafutia usioujua, una programu ya matangazo au mabaki ya mwenye kompyuta wa zamani. Hapa, tofauti na vidakuzi, kupiga Windows upya kwa usafi kuna maana.

Kabla ya kufika huko, nenda kwenye mipangilio ya Windows, orodha ya programu zilizosakinishwa, uipange kwa tarehe. Tafuta kilichoingia siku zile matangazo yalipoanza. Mara nyingi ni kichezeo cha video au kisafishaji cha kompyuta kilichokuja kimejificha ndani ya kitu kingine. Kiondoe, kisha pitisha AdwCleaner ya Malwarebytes, ambayo ni ya bure, ukiipakua kwenye tovuti yao wenyewe na si kwenye kiungo ulichotumiwa WhatsApp.

Bado? Andika chrome://settings/reset urejeshe mipangilio ya mwanzo. Alamisho (bookmarks), historia na maneno ya siri yanabaki. Viendelezi vinazimwa na vidakuzi vinafutwa. Firefox ina chake kwenye about:support, kitufe cha "Refresh Firefox".

Hapa ndipo ujue pia kwa nini kupiga Windows upya hushindwa. Fundi anakurudishia kompyuta safi, unafika nyumbani, unaingia Chrome kwa akaunti yako ya Google, na Chrome inakuletea vitu vyako vyote kutoka kwenye seva: alamisho, mipangilio, na kiendelezi kile kile kibaya. Safisha viendelezi ndani ya akaunti kwanza. Usipofanya hivyo, kila Windows mpya itapokea uchafu wa zamani.

Kama kompyuta yako ni ya Windows 7, Chrome iliishia toleo la 109 mwanzoni mwa 2023 na baadhi ya niliyoeleza hutayakuta. Weka Firefox toleo la 115, ndilo la mwisho kukubali Windows hiyo. Windows 10 nayo iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Vivinjari bado vinafanya kazi humo, ila usiache kuvisasisha.

Ikishakuwa safi

Mpe kila mtu wa nyumbani mtumiaji wake wa Chrome au, bora zaidi, jina lake la Windows. Anachotafuta baba hakitamfuata mtoto, na kosa la mmoja litasafishwa kwake tu.

Kwa mtumiaji wa wageni na watoto, washa ufutaji wa vidakuzi kila mara kivinjari kinapofungwa. Firefox imeandika "Delete cookies and site data when Firefox is closed". Edge ina ukurasa wa kuchagua kinachofutwa kila ukifunga. Kwenye Chrome iko kwenye ule ukurasa wa siteData niliotaja. Kwa mtumiaji wako mwenyewe ongeza barua pepe na tovuti za kazi kwenye orodha ya zisizofutwa, la sivyo utachoka kuandika neno la siri na utazima kila kitu kwa hasira.

Kile kibao kinachoomba ukubali vidakuzi, tafuta kitufe cha kukataa vyote kabla ya kubofya cha kukubali. Mara nyingi kimewekwa rangi hafifu au kimefichwa hatua ya pili, lakini kipo. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Tovuti ya hapa nchini inayokusanya taarifa zako haiko juu ya sheria hiyo.

Vidakuzi vikiisha, bado kuna kinachobaki. Ukiwa umeingia kwenye akaunti ya Google au Facebook, wao wanakujua kwa akaunti, na unachotafuta humo kinahesabiwa kwako. Hilo linazimwa ndani ya akaunti yenyewe. Kwa Google fungua myadcenter.google.com ukiwa umeingia, na juu kulia uzime matangazo yanayokulenga wewe binafsi. Kwa kuwa mpangilio huo unakaa kwenye akaunti na si kwenye kompyuta, ukiuzima mara moja nyumbani unashika pia kwenye simu yako yenye akaunti hiyo hiyo. Wenye akaunti mbili au tatu, ingia kila moja uzime peke yake.